Wazo la Leo: Kabla ya Kuaga Ofisi

Una miaka thelathini na kitu, ofisi imekuchosha, na unataka kufungua saluni Nyakabiga, jijini Bujumbura. Nakuunga mkono. Mtaa umepakana na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, vichwa vya kusuka havikosekani. Lakini kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda Jumamosi kadhaa ukakae kwenye saluni ya mwenzio, utazame mikono. Msusi mzuri hugawa nywele kwa mkia wa kitana, na akifika kwenye nywele changa za juu ya paji hulegeza mkono, maana akizivuta sana zitakatika, na huenda zisiote tena. Mteja hurudi kwa ajili ya mkono huo, si kwa ajili ya vioo. Mkono kwanza, biashara baadaye: Suzie Wokabi wa Kenya alikuwa mpambaji kabla ya kuanzisha vipodozi vya SuzieBeauty, ambavyo mwaka 2016 vilinunuliwa na kampuni ya Flame Tree.

Wewe unakuja na kitu ambacho wasusi wengi hawakufundishwa: hesabu. Kitumie. Mshahara ulikuwa unaingia kila mwisho wa mwezi. Saluni haina desturi hiyo. Wanafunzi huenda likizo. Kwaresima ikifika, harusi za Wakatoliki hupungua, na shangazi wa bibi harusi wenye mavazi yao ya imvutano hawaji Jumamosi kutengenezwa nywele. Kodi ya chumba haisubiri. Weka kwanza akiba ya miezi hiyo. Na krimu za kuchubua ngozi, hata ziuzike vipi, usiziweke dukani kwako: baadhi zina zebaki, nayo huharibu figo.