Nguvu na Amana: Swali la Ruta ya Nyumbani Kisiwani Mafia

Anayenunua ruta, yaani kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa kwa mawimbi ya redio kwenye simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima, kwa kawaida hudai sifa mbili: kiwe na kasi, na kiwe cha kutegemewa. Sifa hizo hutajwa pamoja kana kwamba ni pacha. Hata hivyo, katika fikra za Kiislamu, ambazo zimelea maadili ya wakazi wengi wa Kisiwa cha Mafia, nguvu na uaminifu hupimwa kwa mizani mbili tofauti, na zikigongana hapana budi moja itangulizwe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kwa kifaa kinachokaa ndani ya nyumba uaminifu hutangulia, na kwamba uaminifu huo haukamiliki mpaka haki ya jirani iingizwe katika hesabu.

Msingi wa hoja hii umo katika Surat al-Qasas, aya ya 26, ambapo binti wa mzee wa Madiani anamshauri baba yake amwajiri Musa kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1328, aliijengea aya hiyo kanuni ya uongozi katika kitabu chake as-Siyasa ash-Shar'iyya. Alieleza kwamba kila dhamana husimama juu ya nguzo mbili, nguvu na amana, yaani uaminifu. Kwamba nguvu ya kila kazi hupimwa kwa kazi yenyewe. Na kwamba, kwa kuwa ni nadra nguzo hizo kukamilika kwa mtu mmoja, mteuzi hutazama kazi inahitaji nini zaidi. Vitani hutangulizwa shujaa, na katika kulinda mali hutangulizwa mwaminifu. Ruta haipigani vita vya mtu yeyote. Kazi yake ni ya bawabu na mtunza hazina, kwa maana barua, miamala ya fedha na mazungumzo ya wana nyumba wote hupita mkononi mwake.

Nguvu ya ruta, basi, ipimwe kwa kazi halisi ya nyumba. Pale ambapo intaneti hufika kwa laini ya simu kutoka mnara, kama ilivyo kwa kaya nyingi za visiwani, ruta haiwezi kutoa zaidi ya kile mnara ulichoiletea. Ikiwa mnara unafikisha megabiti 20 kwa sekunde, tarakimu ya maelfu iliyochapwa kwenye boksi ni kasi ya ndani kwa ndani tu, kati ya kifaa na kifaa, nayo haiongezi hata tone kutoka nje. Na filamu yenye picha safi huhitaji takriban megabiti 5. Ukuta nao una neno lake. Masafa ya gigahezi 2.4 ni ya polepole lakini hupenya kuta vizuri zaidi, ilhali ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hudhoofika upesi, hasa katika nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe. Ruta yenye masafa yote mawili, iliyowekwa juu na mahali pa wazi, huifaa nyumba kama hiyo kuliko ruta ya bei kubwa iliyofichwa nyuma ya kabati la chuma.

Amana ya ruta ina sura mbili. Sura ya kwanza ni kudumu katika kazi: kustahimili joto, hewa ya chumvi inayokula viungo vya chuma, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, jambo linaloifanya betri ndogo ya akiba kuwa sehemu ya ununuzi na si pambo. Sura ya pili ni kutunza siri. Usimbaji, yaani kuyageuza mawasiliano yasisomeke na asiyehusika, ulipata kiwango cha WPA2 mwaka 2004 na kile imara zaidi cha WPA3 mwaka 2018. Ruta isiyokuwa na angalau WPA2, au ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho ya usalama, haifai hata kama ina kasi ya umeme.

Pingamizi zito laweza kutolewa hapa. Mwanafalsafa Annette Baier, katika insha yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, alitenganisha kutegemea na kuamini: kitu kikishindwa humvunja mtu moyo, bali ni mwenzake tu awezaye kumsaliti. Kwa mujibu huo, ruta haina dhamiri, na kuiita yenye amana ni kuipa heshima isiyo yake. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linaloipeleka hoja mahali pake: amana inayoonekana kuwa ya kifaa ni amana ya watu waliokizunguka, yaani mtengenezaji anayetoa masasisho, muuzaji asiyeficha kasoro, na mwenye nyumba anayebadilisha nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani. Nyuma yao wapo wengine wasioonekana, wanaotunza njia zinazoileta intaneti nchini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na hapakuwa na ruta yoyote nyumbani ambayo ingeliweza kuziba pengo hilo.

Anabaki jirani. Mawimbi ya redio hayaheshimu ua. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna mikondo mitatu tu isiyoingiliana, yaani wa 1, wa 6 na wa 11, na mahali penye nyumba zilizobanana, kama mjini Kilindoni, anayeilazimisha ruta yake ipanue mkondo ili apate kasi zaidi huitwaa anga ya wenzake. Wakazi wa Mafia wanaifahamu vyema hoja ya aina hii, kwa kuwa tangu mwaka 1995 sehemu ya bahari yao imekuwa Hifadhi ya Bahari, yenye maeneo yaliyowekewa masharti ya uvuvi kwa sababu kile kinachochukuliwa na mmoja hupungua kwa wote. Hadithi ya Mtume inayowataja watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto haikutaja mawimbi, lakini sababu yake inayafikia.

Je, kufunga mtandao kwa nywila ni uchoyo? Surat al-Ma'un inawalaumu wanaozuia msaada mdogo, na wafasiri wengi wameutolea mfano wa vyombo ambavyo majirani huazimana. Lakini kuazima huanza kwa idhini: anayetumia bando la mwenzake kwa siri amekula kisicho chake, na mwenye nyumba anayeacha mlango wazi kwa kila mpita njia amehatarisha siri za familia alizokabidhiwa. Ruta nyingi za sasa huruhusu mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa familia, wenye nywila yake na, katika baadhi yake, kikomo cha matumizi. Kwa mtandao huo mwanafunzi wa nyumba ya pili anaweza kusoma bila siri za mwenyeji kufunguka, na ukarimu ukakaa pamoja na amana.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza kwa mpangilio: kwanza, kifaa hiki kitatunza kilichokabidhiwa, na kwa muda gani, pili, kinaniwezesha kumtendea jirani haki na hisani, na tatu, nguvu yake inatosha kazi ya nyumba hii. Akianza na swali la tatu, atalipia kasi ambayo mnara haumletei. Akianza na la kwanza, kasi inayomtosha ataipata kwa bei nafuu, na atakuwa amechagua kama alivyoshauri binti wa Madiani, kwa kuutazama uwezo bila kuusahau uaminifu.