Goti Jipya, Choo cha Zamani

"Mama, umetutumikia vya kutosha. Kuanzia leo kazi yako ni kula na kulala." Ndivyo alivyosema kijana mmoja wiki iliyopita mjini Njombe, kipaza sauti mkononi, kwenye shukrani ya mama yake aliyerudi kutoka Dar es Salaam na goti la bandia. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikadakia, wageni tukasogezewa pilau. Mwenye goti alikuwa kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya stuli, blanketi hadi kiunoni. Hakupiga makofi. Tangu nirudi Makambako naitafuna kauli ile, na haimezeki.

Najua nitashangaliwa. Watoto wameuza parachichi, wameuza na miti ambayo haijakomaa, wamezungusha kadi za mchango, halafu mtu aliyekula pilau yao anatafuta kasoro? Kwa mapenzi yao sina neno. Nina neno na blanketi.

Huku kwetu goti likianza kuuma watu husema ute umeisha, na kila jirani ana dawa ileile: kula bamia. Naipenda bamia kwa ugali, lakini sijaona ikimtoa mtu kwenye mkongojo. Kinachosagika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, mpaka mfupa unakwaruzana na mfupa. Mama aliyepandisha magunia ya viazi vilima vyetu maisha yake yote hahitaji kuelezwa zaidi. Daktari naye hang'oi goti zima. Anakata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na wa muundi, anazivika chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu. Upasuaji huu ulishika kasi duniani miaka ya 1970, na leo hauhitaji pasipoti ya kwenda India. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanaufanya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa magoti kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa hiyo chuma nakiamini.

Nisichokiamini ni kochi. Misuli ya paja iliyonyong'onyea kwa miaka ya kuchechemea haibadilishwi na daktari yeyote. Hurudishwa na mazoezi, na mazoezi yenyewe yanauma: kukunja, kunyoosha, kutembea na fremu leo sebuleni, kesho uani. Wiki za kwanza ndizo zenye thamani. Goti likilazwa tu, makovu hukaza kwa ndani, likaja kugoma kukunjika. Mtoto anayesema "usiinuke mama, nitakuletea" asubuhi mpaka jioni anamharibia mama yake kwa huruma, na baridi ya Juni inamsaidia kumfungia pale pale.

Nilipokwenda kuaga, mama alinivuta karibu. "Mwanangu, hapa kwenye kochi si pabaya. Taabu ni kule nyuma." Kule nyuma ni choo cha shimo, nje, kwenye njia ya udongo inayoteleza kwa umande. Goti la bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kabisa kunataka zaidi ya hapo. Akaniambia amepunguza maji na chai ili asiende mara kwa mara. Mtu ametoka kwenye upasuaji, anajinyima maji! Mamilioni yamekwenda kwenye goti, na katika kamati nzima ya mchango hakuna aliyewaza choo cha kukaa. Fundi seremala angechonga hata kiti cha mbao chenye tundu, na gharama yake isingefika ile ya pilau.

Waingereza wana dodoso maarufu la kupima hali ya mtu baada ya upasuaji huu, lililotoka Oxford mwaka 1998. Lina maswali 12. Unashuka ngazi? Unaingia na kutoka kwenye gari? Unaweza kwenda mwenyewe kununua mahitaji ya nyumbani? Kupiga magoti na kuinuka nako kumo. Ni maswali mazuri kwa watu wenye ngazi na magari. Lingetungwa Lupembe, huku kwetu mkoani Njombe, lingeuliza kama unachuchumaa chooni, kama unakaa kigodani mbele ya mafiga, kama unapanda bodaboda, kama unashuka kwenye vinyungu, bustani zako za bondeni, na kurudi. Mama yule anasema maumivu ya usiku yamekwisha, na hilo si dogo. Lakini maswali hayo manne yote angejibu hapana.

"Kwa hiyo unataka bibi arudi kwenye jembe?" Sitaki mimi, anataka yeye. Alivitaja vinyungu kabla hajalitaja kanisa. Watoto wanaona kilimo ni adhabu iliyompata mama yao. Kwake ndiko zilikotoka ada zao, ndiko anakokutana na wenzake, na ndiko anakopata hela asiyomwomba mtu. Gunia hatabeba tena, sawa. Ila akishapona vizuri, kupalilia chainizi akiwa amesimama, jembe la mpini mrefu mkononi na mjukuu wa kumbebea ndoo, sioni wa kumzuia.

Kuna na salamu zetu za kupiga goti, na kupiga magoti madhabahuni wakati wa Chakula cha Bwana. Kidonda kikishapona, kupiga goti hakuharibu kilichowekwa, ila wengi husikia ganzi na karaha kwenye kovu, wakaacha. Mkubwa atakayenuna kwa kusalimiwa na mama aliyesimama, anune.

Naisema hii kwa kamati zote za mchango, za Njombe na za hapa Makambako, kwa kuwa goti la mtu mwingine litafuata. Kwenye daftari, chini ya gharama ya hospitali, andikeni choo cha kukaa. Andikeni nauli ya kumfuata mtaalamu wa mazoezi, maana kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 na mama hatakwenda mara moja tu. Pilau iwe ya mwisho. Hela zisipotosha kwa yote, ombeni tarehe ya upasuaji isogezwe mwezi mmoja, choo kijengwe kwanza.