Zamu ya Silinda na Hiari ya Mpangaji

Injini ya dizeli yenye silinda 4 mstari mmoja, kama zilizomo katika matrekta mengi yanayolima mpunga Dakawa, inaweza kuwaka kwa zamu ya 1-3-4-2 au ya 1-2-4-3. Krenki haina upendeleo. Pistoni ya 1 hupanda pamoja na ya 4, ya 2 pamoja na ya 3, na kila silinda humaliza kazi yake ndani ya mizunguko 2 ya krenki, yaani nyuzi 720. Nani atangulie kati ya 2 na 3 huamuliwa na kamshafti, inayofungua valvu. Mizani ya injini ni ile ile.

Hapo linazuka swali la kale: je, inawezekana kuchagua kimoja kati ya viwili visivyotofautiana kwa lolote? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema inawezekana. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alimtaja mtu aliyewekewa tende mbili zinazolingana kabisa: atachukua moja, kwani hiyo ndiyo kazi ya utashi. Hoja yake ilikuwa kubwa kuliko tende: kwamba Mungu aliumba kwa hiari, akazizungusha mbingu upande mmoja ilhali upande wa pili ungefaa vilevile. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba mwenye njaa hapendelei tende hii kuliko ile. Anapendelea kula kuliko kutokula.

Kwa kamshafti, Ibn Rushd yuko karibu zaidi na ukweli. Aliyeichonga alitaka injini iwake, na zamu yoyote kati ya hizo mbili ingetosha. Lakini mjadala huo unaishia kwenye kuchagua, na jambo zito linaanza baada ya hapo.

Fundi akifunga kamshafti ya 1-2-4-3 mahali pa 1-3-4-2, hana budi kubadilisha nafasi za paipu za nozeli ya 2 na ya 3 kwenye pampu ya dizeli. Akiziacha, silinda ya 1 na ya 4 zitawaka vizuri. Ya 2 na ya 3 zitapewa dizeli pistoni ikiwa juu mwishoni mwa kutoa moshi, valvu zikiwa wazi kidogo. Hewa haijabanwa, joto hakuna; dizeli inatoka mbichi, moshi mweupe unajaa kwenye ekzosi, injini inatetemeka. Kosa hapo ni mzunguko mzima, nyuzi 360, na kuizungusha pampu ili kuzisaidia hizo mbili ni kuziharibu zile nzima. Injini ya petroli inayopuliziwa mafuta nyuma ya valvu huvumilia, kwa sababu mafuta husubiri mlangoni. Dizeli haivumilii: kupuliza ndiko kuwasha.

Basi zamu iliyoanza kwa hiari imekuwa wajibu, na wajibu huo hautokani na ubora wake, maana haikuwa bora kuliko nyingine. Unatokana na valvu ambazo tayari zinaifuata. Ndivyo ilivyo kwa zamu za maji ya Mto Wami katika shamba la umwagiliaji la Dakawa, lenye hekta 2,000. Mfereji upi uanze ni jambo la makubaliano. Lakini mkulima aliyekwisha kuotesha miche kwa kuitegemea zamu ana haki ambayo hakuwa nayo kabla ya makubaliano.

Wajibu wa namna hii haukatazi mabadiliko. Mwaka wa 2 Hijria, sawa na 624, kibla kiligeuzwa kutoka Jerusalem kuelekea Makka, na jamaa nzima ikageuka pamoja na imamu. Kwenye injini, kugeuka pamoja kunafika hadi kwenye urefu wa paipu. Paipu za nozeli hutengenezwa kwa urefu sawa ili msukumo wa mafuta utumie muda uleule kufika kila silinda. Kwa hiyo zinazobadilishana hukunjwa upya au kutengenezwa nyingine za urefu uleule, wala hazikatwi.