Nani, au Kwa Nini?

Msiba unapotokea, swali la kwanza vinywani mwa watu huwa, “Nani mkosa?” Ni swali la haki, wala hatuwezi kulikataza. Lakini yafaa tujiulize kama latosha.

Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747, yenye watu 157, iliondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Mara baada ya kuacha ardhi ilitetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Watu 59 wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba vibawa vya ukingo wa mbele wa mabawa, viisaidiavyo ndege kupaa ikiwa bado na mwendo mdogo, havikufunguka, kwa kuwa vali za hewa ya kuviendesha zilikuwa zimefungwa.

Mwenye kuuliza “nani” peke yake angefika hapo akaridhika: ukaguzi wa kabla ya kuruka haukutimizwa ipasavyo. Wachunguzi hawakulificha jambo hilo. Hata hivyo waliendelea kuuliza: mbona marubani hawakupata onyo la kutosha? Tena, kasoro kama hiyo ilikwisha kutokea katika ndege nyingine za aina ile, bila maafa. Dalili ya mvua ni mawingu. Baada ya ajali hiyo, ndege hizo zilitiwa vyombo vya kuwaonya marubani.

Chukua mfano wa stesheni ya Konza, mahali ambapo reli ya Magadi huachana na reli kuu. Tuseme garimoshi limeingia njia isiyo yake kwa sababu taa ya ishara imezimika. Ukimfukuza mfanyakazi, na taa ukaiacha vile vile, atakayeshika nafasi yake atakosea kama yeye.

Huenda msomaji akauliza, “Je, mzembe aachwe?” La, hasha! Mahakama ina kazi yake. Lakini kanuni za kimataifa za kuchunguza ajali za ndege, iwe kubwa au ndogo, zasema kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtwika mtu lawama. Maana mwenye hofu ya adhabu huficha aliyoyaona, na ukweli uliofichwa haumwokoi mtu.

Adhabu haimrudishi aliyekufa. Deni tulilo nalo kwake ni kuuliza “kwa nini” mpaka mwisho, ili kesho asife mwingine kwa sababu ile ile.