Mkate Kwanza, Maswali Baadaye
Neno: 1 Wafalme 19:4–9

Eliya alikimbia kuuawa, akalala chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumwambia ati hana imani. Alimtuma malaika na mkate na maji, mara 2, akamwacha alale tena. Swali lilikuja baadaye, kule Horebu.

Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao akina mama na watoto. Kwa aliyenusurika, mlango wa kanisa ukifungwa tu unaweza kumrudisha siku ile. Akitetemeka, usikimbilie kukemea pepo. Hilo ni jeraha.

Basi kanisa, tujipange. Mwache akae karibu na mlango. Usimvute madhabahuni atoe ushuhuda kabla hajawa tayari, wala usimharakishe kusamehe. Mpelekee unga, keti naye, msikilize. Alichokuambia kisigeuke ombi la kutangazwa kwa ushirika. Usingizi ukimkataa wiki baada ya wiki, msindikize hospitali, na maombi yaendelee.

Swali la wiki: ni nani katika ushirika wako bado yuko chini ya mretemu? Amina.