Uzuri Usiodhuru

Siku ya kufumua nywele huwatia hofu wanawake wengi. Umekaa na rasta zako wiki sita, sasa unazifumua moja moja, na kila ukipitisha kitana linatoka furushi. Moyo unashtuka. Wapo watakaosema wamerogwa, na wapo watakaonyamaza na kujifunga kilemba mwezi mzima.

Hofu hiyo ina dawa, nayo ni kuujua mwili wetu. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku hunyonyoka kati ya 50 na 100 bila ugonjwa wowote. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha huanguka na kumpisha mwingine. Ukiwa umesukwa, zile zilizonyonyoka hazina pa kwenda, hunasa humo humo ndani ya msuko. Kwa hiyo furushi unaloliona ni mkusanyiko wa siku zaidi ya 40 uliotoka kwa mkupuo mmoja. Chukua unywele mmoja uutazame mwishoni. Ukiona kidoti cheupe, huo umemaliza muda wake. Usipokiona, huenda umekatikia njiani kwa sababu ya ukavu, dawa ya kulainisha au kitana.

Kuna nyakati nywele hutoka kwa wingi unaotisha, na bado si balaa. Mdogo wangu alipokuwa na mtoto wa miezi minne, alikuwa akiamka alfajiri kukung'uta foronya kabla mumewe hajaziona nywele zilizojaa pale. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba homoni za ujauzito huzizuia nywele zisianguke kwa kawaida yake, na kwamba zikishuka baada ya kujifungua, zile zilizocheleweshwa huondoka pamoja. Hali hiyo hufuata pia malaria kali, upasuaji, msiba mzito, au kujinyima chakula ili kupungua upesi. Hutokea miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu amekwisha kupona na kusahau, ndipo kichwa kinapokumbuka. Kwa walio wengi nywele hurudi zenyewe kabla ya mwaka kwisha. Aliye katika hali hii anahitaji chakula bora, usingizi, na mtu wa kumweleza ukweli kwa upole.

Zipo dalili zisizofaa kusubiriwa. Kipara cha mviringo kilichozuka ghafla, mstari wa katikati unaozidi kupanuka, au utosi unaowasha na kuchoma huku nywele zikipungua, hayo yanataka mtaalamu. Nywele zikitoka pamoja na uchovu, moyo kwenda mbio au hedhi nzito, damu ipimwe, kwa maana upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingoni huonekana pia kichwani. Wengi hatujui kwamba daktari wa nywele ni yule yule wa ngozi. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Msaada upo. Tunauchelewesha sisi kwa aibu.

Lakini linaloniuma zaidi ni zile nywele ambazo hazianguki kwa wakati wake, bali tunazing'oa. Nimemtazama binti wa miaka kama minane akisukwa barazani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, machozi yakimtiririka, na ngozi ya kwenye paji imevutwa mpaka nyusi zimepanda. Kila akigusa kichwa, mama yake anamwambia, "Vumilia, utapendeza." Kesho yake vipele vidogo vimeota kwenye mstari wa mbele wa nywele. Vipele hivyo ni ngozi inayolalamika. Mvuto ule ukirudiwa mwaka hadi mwaka, nywele za mbele na za pembeni hupungua. Zikiwahiwa mapema huota tena, ila tundu la unywele likishafanya kovu, hakuna mafuta yatakayoziotesha.

Huko Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipochunguza vichwa vya wanawake wa Kiafrika, walikuta takriban mmoja kati ya watatu ana upara wa namna hii. Hatari huzidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa kwa kukazwa au kubandikwa nyingine juu yake.

Simlaumu msusi. Yeye hukaza kwa sababu sisi tunamwambia akaze. Pesa ni ya kuchanga, na kila mmoja anataka mtindo udumu. Lawama naiweka kwenye fundisho tulilolirithi, kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike. Methali hii tumeifanya kanuni ya malezi. Binti anayefundishwa tangu akiwa na miaka minane kuyameza maumivu ili apendeze, atayameza mangapi akiwa na miaka ishirini? Tunamsifu mwanamke kwa kuvumilia, kisha tunashangaa anapofika hospitali akiwa amechelewa.

Subira ni tunu, nami naiheshimu. Subira ya kweli ni kungoja nywele zilizoanguka baada ya uzazi zirudi, au kumaliza matibabu hata kama matokeo yanakawia. Kukaa kimya wakati mwili unaumizwa bila sababu si subira.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Ukiumia, mwambie msusi alegeze, na kama umekwisha kuondoka na kichwa kinauma usiku, fumua, hata kama umelipa. Ukitoa msuko, kipumzishe kichwa wiki kadhaa kabla ya mwingine. Na binti akisema anaumia, aaminiwe papo hapo. Mtoto anayesikilizwa kwa jambo dogo kama nywele atakuja na makubwa pia, na atakuja mapema.