Kiraka na Kutu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini je, kila azibaye ametengeneza? Daraja la Tickford, Uingereza, lililojengwa kwa chuma mwaka 1810, liliongezewa nguvu mwaka 1999 kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Gundi ya namna hiyo haishiki juu ya kutu: sharti chuma kikwanguliwe kwanza mpaka king'are. Tena kaboni ikigusana na chuma penye unyevu, chuma huliwa. Kwa hiyo nyuzi za kioo hutandikwa kati. Fundi afunikaye kutu kwa kiraka kizuri hakutengeneza, amedanganya. Na deni la uongo wake hulipwa na mpita njia asiyejua. Kusitiri aibu ya mtu ni uungwana. Kusitiri kutu ya daraja ni hiana.